Goodyear Endurance chini ya trela la boti: tairi zuri, ila si dawa ya kila mtetemo

Tairi hili ni zuri. Tunalisema mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani tunalikandia. Shida iko kwenye sababu inayowafanya wengi walinunue. Boti iko nyuma, gari linafika kilomita 90 kwa saa, kiti kinaanza kutetemeka, na mwenye boti anakata shauri kwamba matairi ya trela yamechoka. Anaagiza mapya mawili, anayafunga, anarudi barabarani, na mtetemo unamsubiri palepale kwenye 90. Lawama zote zinaangukia tairi ambalo halikuhusika.

Kwa hiyo humu utapata mambo mawili: tairi lenyewe lina nini, na namna ya kujua kama shida yako ni ya tairi kabla hujatoa hela.

Lina nini

Endurance ni tairi la radiali (nyuzi zake za ndani zinakatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu) lenye herufi ST, yaani limeundwa kwa ajili ya trela tu, si kwa gari linalobeba watu. Goodyear ililitoa mwaka 2017 lichukue nafasi ya Marathon, na linatengenezwa Marekani. Saizi zake zinaanzia rimu ya inchi 13 hadi 16. Ubavuni lina alama ya kasi N, ambayo ni kilomita 140 kwa saa, wakati matairi ya ST yasiyo na alama yoyote ya kasi huhesabiwa kuwa mwisho wao ni kilomita 105. Hiyo si ruhusa ya kukimbia na boti mgongoni. Maana yake ni kwamba ukienda 90 tairi bado liko mbali na kikomo chake, na kwa trela hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kinachoua matairi haya ni joto kuliko kitu kingine chochote.

Faida ya pili ni uwezo wa kubeba. Chukua saizi ya ST205/75 kwa rimu ya 14, ambayo imejaa kwenye matrela ya boti. Tairi la kundi la mzigo C la saizi hiyo hubeba kilo 800 likiwa na upepo wa psi 50. Endurance ya saizi hiyohiyo ni kundi D: kilo 925 kwa psi 65. Ni kilo 125 za ziada kwa kila gurudumu. Ila trela lako halijaongezewa uwezo hata kilo moja. Ekseli ni ileile, habu ni zilezile, na rimu ina kikomo chake, mara nyingi kimegongwa kwenye chuma upande wa nyuma. Rimu iliyotengenezwa kwa psi 50 haifai kutiwa 65 kwa sababu tu tairi linaruhusu. Na valvu ya mpira ya kawaida, ile ya kuchomeka, mwisho wake ni psi 65, kwa hiyo ukipanda kundi D funga valvu ya shinikizo kubwa au ya chuma inayokazwa kwa nati. Wauzaji wengi hawalitaji hili, na tairi la gharama linaishia kuvuja kwenye kipande cha mpira cha bei ya pipi.

Ukilinganisha na matairi ya mshazari, yale ambayo nyuzi zake hupishana kimshazari na yenye herufi D badala ya R katikati ya saizi, radiali hupata joto kidogo, hukaa duara zaidi na hutulia zaidi kwenye lami. La mshazari lina ubavu mgumu na huvumilia kusuguliwa kwenye kingo, lakini likiegeshwa wiki kadhaa na mzigo juu hutengeneza bapa pale lilipokanyaga. Ukianza safari linagonga kwa kilomita kadhaa, kisha likipata moto linatulia. Kama mtetemo wako ni wa namna hiyo, wa mwanzo wa safari tu, hapo kubadilisha kwenda radiali kutausaidia kweli. Usichanganye aina hizi mbili kwenye ekseli moja.

Mtetemo una hesabu yake

Kabla ya kugusa spana, endesha gari peke yake, bila trela, barabara ileile na kasi ileile. Mtetemo ukibaki, trela halina kesi. Ukitoweka, usishangilie haraka: uzito wa trela hukandamiza nyuma ya gari, pembe ya propela shafti inabadilika, na krosi (kiungo cha propela shafti) iliyochakaa iliyokuwa kimya inaanza kulia. Matairi ya nyuma ya gari nayo yanabeba zaidi na kufichua kasoro zake.

Mahali unapouhisi pia pana maana. Usukani ukicheza mikononi, shaka ya kwanza ni matairi ya mbele ya gari. Mtetemo wa trela huja kupitia tufe, ile mpira ya chuma nyuma ya gari inayoshikilia trela: unausikia kwenye kiti na mgongoni, na kioo cha kati kinacheza. Trela zima likiyumba kushoto na kulia polepole, kama mara moja kwa sekunde au chini ya hapo, huo si mtetemo wa tairi hata kidogo. Ni uzito mdogo mno kwenye tufe, au boti imekaa nyuma mno. Punguza mwendo taratibu, usikanyage breki ghafla, na ukasogeze mzigo mbele. Kwa matrela ya boti, uzito unaokaa kwenye tufe kwa kawaida ni asilimia 5 hadi 10 ya uzito wote.

Sasa hesabu yenyewe. Tairi la ST205/75R14 lina kipenyo cha takriban milimita 663, hivyo mzunguko mmoja ni mita 2.08. Kwenye kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kwa sekunde, linazunguka mara 12 kwa sekunde, au kidogo zaidi kwa kuwa tairi lenye mzigo hubonyea. Tairi la gari la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi, na kwa kasi hiyohiyo linazunguka mara 10 na robo. Kidole hakiwezi kutofautisha 10 na 12, lakini simu inaweza. Programu za bure zinazosoma kihisi cha mwendo cha simu na kuonyesha marudio kwa hezi, yaani mara ngapi kwa sekunde, zipo nyingi. Laza simu kwenye sakafu ya gari, si mapajani, abiria aisome, dereva ashike kasi moja kwa nusu dakika.

Kilele kikiwa 12, ni gurudumu la trela. Kikiwa 10, rudi kwenye gari. Kikiwa kati ya 30 na 40 hivi, nawe unasikia muungurumo kuliko mtikiso, ni propela shafti, kwa sababu inazunguka mara tatu hadi nne kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu la gari. Kikiwa 24, mara mbili ya mzunguko wa gurudumu la trela, tafuta tairi lenye umbo la yai. Weka saizi za matairi yako kwenye hesabu hii, usikariri namba hizi. Na ikiwa matairi ya trela na ya gari yana kipenyo kimoja, njia hii haitakusaidia kuyatenganisha.

Kasi nayo inaongea. Mtetemo unaoingia kwenye 80, unakuwa mkali kwenye 95, kisha unapungua ukipita hapo, mara nyingi ni balansi. Unaopanda tu na kasi bila kushuka ni rimu iliyopinda au tairi lisilo duara. Unaoanza mapema, kwenye 30 au 40, kama mtu anayechechemea, ni kashata (sehemu ya tairi inayokanyaga barabara) inayoachana na nyuzi ndani ya tairi, au uvimbe. Na ule ambao kila kilomita kumi unazidi, kwa kasi ileile, usiuchunguze ukiwa unaendesha. Egesha. Hapo ama tairi linabanduka, ama beringi inakufa, ama nati zinalegea, na zote tatu mwisho wake ni gurudumu kulipita gari lako.

Kuna kingine kinachopoteza watu muda: mkanda wa kufungia boti. Ukivutwa ukiwa bapa, upepo huupiga na kutoa mngurumo mzito unaofanana kabisa na wa beringi mbovu, na hutokea kwenye kasi maalumu tu. Usokote mzunguko mmoja au miwili kabla ya kuukaza. Ukinyamaza, umeokoa siku nzima.

Kabla ya jeki

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla halijatembea na kabla jua halijapiga upande mmoja. Joto la hewa likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, tairi la psi 50 hadi 65 huongezeka psi 2 hadi 3, na mwendo huongeza zaidi. Usiupunguze upepo wa tairi la moto. Ukifanya hivyo, kesho asubuhi tairi litakuwa chini ya kiwango, ubavu utakunjana zaidi, joto litapanda, na kamba za chuma zitaanza kuachana na mpira.

Kisha tarehe. Tafuta herufi DOT ubavuni. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi msimbo kamili uko upande mmoja tu, na kwa bahati mbaya ya kawaida ndio upande unaotazama ndani, kwa hiyo lala chini na tochi. Tairi la trela la boti mara chache huisha kashata. Huzeeka kwa jua na kwa kukaa. Likivuka miaka 6, hata likionekana jipya, libadilishe. Baada ya miaka 3 likague kila msimu kwa nyufa ubavuni na kwenye mifereji ya kashata. Endurance nalo haliko nje ya sheria hii, na ukinunua uliza tarehe kabla halijafungwa, kwa kuwa tairi lililokaa ghalani miaka 2 limeshakula sehemu ya umri wake.

Uchakavu nao ni maandishi. Kingo zote mbili zikiliwa, upepo mdogo au mzigo mkubwa. Katikati ikiliwa, upepo mwingi kuliko mzigo. Ukingo wa ndani tu, ekseli imepinda au imelemewa. Kashata zenye makali upande mmoja ukipitisha kiganja kwa upana wa tairi, ekseli haikukaa sawa. Mashimo-mashimo kuzunguka tairi hutokana na balansi mbaya au beringi yenye mchezo, na kwa kuwa matrela mengi hayana shokapu, kudunda kukianza hakuna cha kukuzuia.

Halafu pima uzito, maana makisio ya wenye boti karibu kila mara yako chini. Tuseme boti kavu kilo 900, injini 180, petroli lita 120 ambazo ni kilo 90 hivi, trela lenyewe 300, betri mbili 45, nanga, kamba na vikorokoro 80. Jumla 1,595. Ondoa asilimia 7 inayokaa kwenye tufe, kilo 112, zinabaki 1,483 juu ya ekseli, yaani 742 kwa kila tairi ikiwa mzigo umegawanyika sawasawa. Na haugawanyiki sawasawa: betri na tangi vikikaa upande mmoja, tairi moja linaweza kubeba 770 na mwenzake 713. Kwenye tairi la kilo 800 umebakiwa na kilo 30, tena kwa upepo kamili wa psi 50. Likishuka hadi 40, limezidiwa, na maji yaliyobaki ndani ya boti bado hatujayahesabu. Kwenye Endurance ya kilo 925 uko kwenye asilimia 80 na kidogo. Hapa ndipo tairi hili linapostahili bei yake, na hesabu hii ina uzito kuliko sifa zote za tangazo.

Kinyume chake pia ni kweli. Boti nyepesi ya kilo 500 juu ya matairi ya kundi D yenye psi 65 itaruka kama mpira kwenye kila kiungo cha barabara, na mwenyewe ataita kuruka huko mtetemo. Tumia jedwali la mzigo na upepo la mtengenezaji, lakini acha akiba ya angalau asilimia 20 juu ya mzigo halisi.

Jeki na kijiti

Acha trela likiwa limeungwa kwenye gari, breki ya mkono juu, kabari mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Legeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini ikiwa utalitoa. Weka jeki chini ya fremu karibu na ekseli. Ekseli ya raba, ile isiyo na springi, usiinyanyue kwa bomba lake la katikati. Weka stendi kabla ya kuingiza mkono.

Simamisha tofali, funga juu yake kijiti au kipande cha waya, ncha yake ikae milimita 2 kutoka kwenye kashata. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Nafasi ikifunguka na kufungika, tairi si duara au rimu si duara. Sasa hamishia ncha kwenye ukingo wa rimu, pale inapokutana na tairi, uzungushe tena. Rimu ikitulia na tairi likicheza, tatizo ni tairi au halikukaa vizuri kwenye rimu: tazama mstari mwembamba wa mpira ulio karibu na ukingo wa rimu, uwe na umbali uleule kuzunguka kote. Ukizama upande mmoja, tairi linahitaji kutolewa, kupakwa sabuni na kujazwa upya, si kutupwa. Rimu ikicheza yenyewe, hakuna tairi duniani litakalokuponya. Kwa rimu ya chuma ya trela, mchezo wa milimita 1 hatuuhangaikii. Ukifika 3, rimu hiyo iende kwa vyuma chakavu.

Pitisha kiganja juu ya kashata taratibu, ukiwa umevaa glavu maana waya wa chuma uliochomoza hukata. Mahali palipoinuka au palipolegea kama kuna hewa chini yake ni tairi linalobanduka. Halirekebishiki na halifai hata kuwa spea.

Ukiwa hapohapo, shika tairi juu na chini, lisukume na kulivuta. Mchezo mdogo unaohisiwa kwa shida ni wa kawaida kwa habu za trela zenye nati ya meno na pini. Mgongano unaosikika siyo. Zungusha kwa nguvu ukiwa umeshika springi au mkono wa ekseli kwa mkono wa pili: beringi yenye kutu utaihisi kama mchanga kabla hujaisikia.

Jaribio la mwisho ndilo linalomaliza ubishi. Weka alama ya chaki kwenye kila gurudumu, badilisha la kushoto na la kulia, urudi barabarani. Kasoro ikihama na gurudumu, ni tairi au rimu. Ikibaki upande uleule, ni habu, beringi, breki au ekseli. Spea nzima ya saizi ileile hurahisisha zaidi: ifunge upande mmoja, jaribu, kisha upande wa pili.

Beringi, kwa ufupi

Trela la boti lina ugonjwa ambao matrela mengine hayana. Habu hufika majini ikiwa ya moto, hupoa ghafla, hewa ndani yake hunywea, na maji huvutwa kupitia sili ya nyuma. Grisi ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameshaingia. Kofia za habu zenye springi zinazoshikilia grisi kwa mgandamizo mdogo husaidia, ila wengi huzipiga grisi hadi sili ya nyuma inafumuka na breki zinaloa. Safisha na upake upya mara moja kwa mwaka, na ukibadilisha beringi badilisha na kikombe chake (pete yake ya nje) pia. Baada ya kilomita 20 za mwendo simama ulinganishe habu ya kushoto na ya kulia kwa mgongo wa mkono au kwa kipimajoto cha mwanga. Tofauti baina yao inakwambia zaidi kuliko namba yenyewe. Habu moja ikiwa ya moto zaidi, ni beringi au breki inayoshika. Tairi moja likiwa la moto zaidi ya mwenzake, ni upepo au mzigo.

Ekseli pia hupimwa kwa futi ya kawaida: kutoka katikati ya kifungio cha tufe hadi ncha moja ya ekseli, kisha ncha ya pili. Tofauti ikizidi milimita 3 hivi, bolti za U zimeteleza, jambo linalotokea trela likigonga ukingo wa njia ya kushushia boti. Na angalia tufe lenyewe. Tufe la inchi 1 na 7/8 chini ya kifungio cha inchi 2 huingia vizuri tu, kisha hugongagonga kila ukibadilisha gia, na siku moja huchomoka.

Yanayoharibika wakati wa kufunga

Umethibitisha ni tairi, umenunua Endurance. Sehemu hii huamua kama utaridhika.

Magurudumu ya trela mara nyingi huuzwa bila kubalansiwa, na mafundi wengi husema trela halihitaji. Linahitaji, hasa kwa mwendo wa barabara kuu. Kuna mtego lakini. Rimu nyingi za trela hukaa katikati kwa nati zake zenye umbo la koni, si kwa tundu la kati, na tundu hilo wakati mwingine limetobolewa bila uangalifu. Mashine ya kubalansi hushika rimu kwa tundu la kati. Matokeo yake gurudumu linasoma sifuri mashineni na linatetemeka barabarani. Mwombe fundi atumie sahani inayoshika rimu kwa matundu ya stadi, yaani bolti za gurudumu. Asiyekuwa nayo si fundi mbaya, ila si wa kazi hii.

Rimu zilizochovywa zinki zina kero zao. Zinki huganda matone ndani ya rimu na kuongeza uzito upande mmoja, na huacha vinundu kwenye uso unaokutana na habu. Kwangua uso huo hadi uwe tambarare. Risasi za kubandika, vile vipande vya uzito vya kubalansia, hazishiki juu ya zinki yenye vumbi. Safisha kwa spiriti kwanza. Zile za kubana ukingoni huliwa na maji ya chumvi na kudondoka, kwa hiyo mtetemo uliorudi baada ya msimu mmoja unaweza kuwa risasi iliyoanguka tu: tafuta alama safi kwenye ukingo. Na kabla ya yote, chungulia nyuma ya rimu. Tope lililokauka humo hutetemesha gurudumu jipya sawasawa na la zamani.

Nati zianze kukazwa kwa mkono gurudumu likiwa juu, kisha kwa kuruka nati kwa mpangilio wa nyota, kwa hatua tatu. Kwa stadi za nusu inchi, hatua ya kwanza ni kama Nm 30, ya pili 75, na ya mwisho kati ya 120 na 160 kwa spana ya torki, kulingana na kitabu cha ekseli yako. Usimalizie kwa mashine ya upepo. Rudia kukaza baada ya kilomita 15, 40 na 80. Kwenye rimu za zinki hili si la hiari, kwa kuwa zinki hubonyea na nati hulegea zenyewe.

Nani anunue

Anayevuta boti nzito masafa marefu kwenye lami, matairi yake ya sasa yako karibu na kikomo cha mzigo, na ameshahakikisha rimu na valvu zinabeba psi 65: anunue, mawili kwa pamoja, na spea ya saizi na aina hiyohiyo. Anayetaka kufunga vihisi vya upepo vya kusokota juu ya valvu, hiyo ni sababu nyingine ya valvu za chuma, kwa kuwa uzito wa kihisi huinamisha valvu ya mpira mwendoni.

Anayeshusha boti ya alumini kilomita 5 kutoka nyumbani kwa mwendo wa 40 hatapata tofauti ya maana na tairi la mshazari la heshima, mradi alibadilishe kwa umri. Mwenye rimu ndogo za inchi 8, 10 au 12 hana la kuchagua hapa. Na yule ambaye kijiti kwenye tofali kimemwonyesha rimu inacheza milimita 4, hela yake iende kwenye rimu kwanza.